Pikapu ya shamba iliyoingia kwenye mbio

Mwaka 1958, katika maonyesho ya magari ya Oakland, California, kombe la gari la wazi zuri kuliko yote Marekani lilitwaliwa na pikapu. Ilikuwa Ford Model A ya 1929, mali ya Richard Peters wa Fresno, iliyoundwa upya katika karakana ya George Barris na kupewa jina Ala Kart. Mwaka uliofuata ikarudi Oakland na kulitwaa kombe lile lile tena. Ilikuwa na rangi ya kung'aa, kromu kila upande na injini ya V8 ya Dodge. Kilichokosekana ni ile kazi ambayo pikapu iliundiwa. Hakuna mwenye akili timamu ambaye angetupa gunia la viazi nyuma ya gari lile.

Kutoka gunia la viazi, yaani pikapu ya Ford ya kiwandani ya 1925, hadi kombe la Oakland ilikuwa miaka 33 tu. Historia nyingi za hotirodi, yaani magari ya zamani yaliyofumuliwa na kuundwa upya ili yakimbie, huwataja akina Barris na washindi wa mbio. Pikapu huguswa kwa sentensi moja au mbili. Kwangu mimi huko ni kuisoma historia kutoka upande usiofaa. Gari la mbio lilihitaji mtu mwenye gari la pili la kwendea kazini. Pikapu ilikuwa hotirodi ya asiye na gari la pili.

Kabla ya 1925, mkulima wa Kimarekani aliyetaka pikapu kwa kawaida aliitengeneza mwenyewe. Alinunua Ford Model T, akakata sehemu ya nyuma kwa msumeno, akagongelea sanduku la mbao. Upande wetu wa dunia hali haikuwa tofauti sana. Ford zilizoingia katika makoloni ya Waingereza zilitoka kwenye kampuni ya Ford ya Kanada, na Kenya ya miaka ya 1920 ilijaa magari ya bodi ya sanduku, chasisi ya Kimarekani iliyopigiliwa mbao na maseremala wa hapa hapa. Tarehe 15 Aprili 1925 Ford ilianza kuuza Model T yenye bodi ya mzigo ya chuma kutoka kiwandani, kwa dola 281. Nguvu zake zilikuwa za farasi 20. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilomita 70 hivi kwa saa, barabara ikiwa nzuri na upepo ukiwa mgongoni.

Kufikia 1927, Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimeshatengenezwa. Model A iliyozifuata ilikaribia milioni tano katika miaka minne. Kwa hiyo Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani, nchi ilikuwa imejaa Ford kuukuu, kwenye yadi za skrepa na chini ya miti ya mashamba, na kijana mwenye dola chache aliweza kupata moja. Kusini mwa California kulikuwa na faida nyingine: mvua ni chache, bati halili kutu haraka, na safari ya saa chache kutoka Los Angeles inamfikisha mtu kwenye jangwa la Mojave, kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Sakafu yake ni udongo mgumu ulio bapa kwa kilomita nyingi. Vijana walikwenda huko kupima mwendo wa magari yao tangu miaka ya 1920, na Novemba 1937 vilabu vyao viliungana kuunda chama cha SCTA, ambacho hadi leo kinaendesha mbio za mwendo kasi.

Huko jangwani mfalme alikuwa gari la wazi la watu wawili. Lilikuwa jepesi, na lilipovuliwa madigadi, taa na kioo cha mbele lilizidi kuwa jepesi. Pikapu haikupendwa. Sehemu yake ya mzigo hukamata upepo, na nyuma hakuna uzito wa kukandamiza matairi. Ilipewa kazi nyingine: kubeba spana, jeki, madebe ya petroli na akiba ya matairi, na kuyasukuma magari ya mbio kutoka nyuma hadi injini zao ziwake. Mwenye pikapu aliyetumwa kusukuma magari ya wenzake mwishowe alianza kujiuliza kwa nini na yeye asifungue boneti yake.

Jambo lililoibadili hadithi nzima ni injini. Mwaka 1932 Ford ilitoa V8 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65, katika gari ambalo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kulinunua. Hadi hapo silinda nane zilikuwa starehe ya matajiri. Injini hiyo, ambayo mafundi wanaiita flathedi kwa sababu vali zake zimelala ndani ya bloku na hedi yake ni bapa tu, iliendelea kuundwa Marekani hadi 1953. Ilifungwa kwenye magari madogo na kwenye pikapu vile vile. Iliyochakaa kwenye lori iliweza kushushwa na kufungwa kwenye Model A ya mtu, na iliyokufa ilikuwa na ndugu zake mia kwenye skrepa.

Ilikuwa pia na ugonjwa wake. Moshi wa silinda ulipitishwa katikati ya bloku kabla ya kutoka nje, na kwa kufanya hivyo uliyachemsha maji yaliyowekwa kuipoza. Ni sawa na kupitisha dohani ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Lori lililobeba mzigo mlimani lilitokota. Mhandisi Zora Arkus-Duntov, ambaye baadaye alipata jina kwa kazi yake kwenye Chevrolet Corvette, aliunda mwaka 1947 hedi za alumini zenye vali juu, zikaitwa Ardun, kwa lengo la kuyaponya malori hayo. Wenye malori hawakuzichangamkia kutokana na bei yake, lakini watu wa mbio walizinyakua.

Wakati huo biashara ya vipuri vya mwendo ilikuwa imeshaota mizizi. Vic Edelbrock, fundi aliyehamia California kutoka Kansas, alitengeneza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia manifoldi ya kufunga kabureta zaidi ya moja kwenye Ford yake ya 1932, wenzake wakataka za kwao, na 1946 alikuwa na katalogi. Ed Iskenderian, mtoto wa wahamiaji wa Kiarmenia, alianza kuchonga kamshafti zilizofungua vali kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Januari 1948 Robert Petersen na mwenzake Robert Lindsay waliuza toleo la kwanza la jarida la Hot Rod kwa senti 25. Tangu hapo kijana wa Ohio au Georgia, ambaye hajawahi kuona ziwa kavu, aliweza kusoma jinsi mambo yanavyofanywa na kuagiza vipuri kwa posta.

Vita navyo viliacha kitu. Vijana waliorudi kutoka jeshini na viwanda vya ndege walikuwa wamejifunza kuchomelea, kuchonga chuma kwenye mashine na kupima kwa maikromita. Serikali ilikuwa imewasomesha ufundi bila kukusudia kuwasomesha hotirodi.

Basi mtu kama huyo akiwa na pikapu ya Ford ya 1935 hivi, alianzia wapi? Mwenye busara alianzia kwenye breki. Hadi 1938 breki za Ford zilivutwa kwa vyuma, na Henry Ford alijivunia ukaidi huo. Za mafuta zilikuja 1939. Kwa hiyo safari ya kwanza ya skrepa ilikuwa kutafuta ekseli, ngoma na silinda kuu ya breki za Ford ya 1939 hadi 1948, ambazo zilikubali kufungwa kwenye gari la miaka ya nyuma kwa marekebisho machache. Baada ya hapo ndipo injini iliposhushwa. Silinda zilipanuliwa, na aliyeweza kupata krankshafti ya Mercury ya 1949 yenye mwendo mrefu zaidi aliipachika kwenye bloku ya Ford. Silinda za inchi 3⅜ na mwendo wa inchi 4 ziliipeleka flathedi ya baadaye ya lita 3.9 hadi lita 4.7. Hedi ilichongwa ili kubana mchanganyiko zaidi. Hapa flathedi ilikuwa na mtego: vali zinainuka kuelekea kwenye hedi hiyo hiyo, hivyo ukiichonga kupita kiasi unaziba njia ya hewa unayoitafuta. Wengi walichonga kwa pupa, wakapata injini inayobana sana na isiyovuta hewa.

Haya yote yanaonekana kwa macho, na ndiyo yanayopigwa picha. Lakini magari mawili yenye vipuri vile vile kutoka katalogi ile ile hayakukimbia sawa, na tofauti ilikuwa kwenye kutyuni, kazi ya kuchosha ambayo haina picha.

Mafundi walikuwa na utaratibu: moto kwanza, mafuta baadaye. Distribyuta ya Ford hizo ilikaa mbele ya injini, ikizungushwa moja kwa moja na kamshafti, na ilikuwa na pointi mbili. Ilikuwa vigumu kuifikia ikiwa mahali pake, kwa hiyo wengi waliiseti kwenye benchi kabla ya kuifunga. Taimingi ikiwa nyuma, injini huwa nzito na huchemka upesi. Ikiwa mbele mno hugonga, na hugonga zaidi ukipanda mlima na mzigo. Mwenye gari la mbio aliweza kulipuuza hilo la pili. Mwenye pikapu hakuweza.

Kisha zikaja kabureta. Maarufu kuliko zote ilikuwa Stromberg 97, na kufunga tatu kwa mstari lilikuwa jambo la fahari. Kila moja ilipaswa kuvuta hewa sawa na jirani yake. Fundi alichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mlio wa hewa, akahamia ya pili, akageuza skrubu kidogo, akarudi ya kwanza. Stromberg pia haipendi pampu yenye nguvu. Ikizidi kiasi cha psi 2.5 hivi, mafuta huishinda sindano ya boya na kabureta hufurika. Wengi waliodhani jeti ni kubwa mno walikuwa na tatizo la pampu.

Hukumu ilitolewa na plagi. Gari lilikimbizwa kwa nguvu zote, likazimwa ghafla bila kuachwa kwenye sailensa, plagi zikafunguliwa zingali moto. Rangi ya kahawia iliyofifia maana yake mambo yapo sawa. Masizi meusi, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, mafuta ni haba na pistoni iko hatarini. Plagi nane zilipangwa kwa mpangilio wa silinda zake, na aliyejua kuzisoma aliweza kukwambia ni kabureta ipi kati ya tatu inakudanganya.

Pikapu ilimwongezea fundi shida ya peke yake. Springi zake za nyuma ziliundwa kwa ajili ya mzigo, na bila mzigo gari lilirukaruka na tairi lilizunguka bure. Dawa ya haraka ilikuwa mfuko wa mchanga nyuma. Dawa ya kweli ilikuwa kufungua springi na kupunguza majani, kisha kutafuta shokapu zitakazotuliza kilichobaki. Ukipunguza mengi mno, siku ya kubeba friji ya shemeji ekseli inagonga chasisi.

Mwaka 1955 Chevrolet ilileta V8 yake ndogo ya lita 4.3, nyepesi, yenye vali juu na nguvu za farasi 162. Iliyafuta maarifa mengi ya flathedi ndani ya miaka michache. Pikapu ya zamani yenye injini ya Chevrolet ikawa jibu la kawaida, hata pikapu yenyewe ikiwa Ford, jambo ambalo wafuasi wa Ford hulinung'unikia hadi leo. Wakati huo huo Norm Grabowski wa Los Angeles alikuwa amechukua mbele ya Model T ya 1922, akaiunganisha na bodi ya pikapu ya Model A aliyoifupisha, akaweka injini ya Cadillac. Gari hilo lilitokea kwenye jarida la Life Aprili 1957, kisha likawa la mhusika Kookie katika tamthilia ya televisheni 77 Sunset Strip. Maelfu waliliiga. Bodi ya mzigo iliyofupishwa hadi kuwa pambo, kama kwenye Ala Kart, ilikuwa sasa ni mtindo.

Kilichokaribia kuimaliza kazi ya kuunda hotirodi nyumbani ni viwanda. Kuanzia Pontiac GTO ya 1964, kijana aliweza kukopa benki na kuondoka dukani na gari lililoshinda hotirodi nyingi. Ufufuo ulianza mwaka 1970, wapenzi wa magari ya zamani walipokusanyika Peoria, Illinois. Mwaka 1978 Dodge iliuza pikapu nyekundu yenye mabomba mawili ya moshi yaliyosimama nyuma ya kabini, Li'l Red Express. Sheria za moshi zilizoyabana magari madogo hazikuigusa kwa uzito ule ule kwa sababu ilihesabiwa kama lori, na sampuli iliyojaribiwa na jarida la Car and Driver iliyashinda magari ya Kimarekani ya wakati huo kufikia maili 100 kwa saa. Gari la shamba liliwashinda wenye fahari kwa kupitia kifungu cha sheria!

Leo kati ya zinazosakwa sana ni Ford F-100 ya 1953 hadi 1956. Unaweza kununua chasisi yake mpya, bodi mpya ya mzigo na injini mpya ndani ya sanduku, na mbele ukafunga mfumo wa springi uliotokana na Mustang II ya miaka ya 1970, gari ambalo lenyewe halikupendwa na wengi lakini springi zake za mbele ziko chini ya pikapu zisizohesabika. Kompyuta ndogo hupanga mafuta na taimingi ikijirekebisha gari likiwa barabarani, na kipande cha mpira hakina kazi tena isipokuwa kwa wenye Stromberg. Springi za nyuma kompyuta hiyo haizijui. Hizo zinafunguliwa kama zamani: jani moja linatolewa, gari linajaribiwa kwenye barabara mbovu ya jirani, linarudishwa kwenye jeki, na mara nyingi lile jani linarudishwa pia.