Nyama ilimpa Mbegha ufalme, maji je?

Ukisoma Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kitu kimoja hakikutoki kichwani: nyama. Mbegha anaingia milima ya Usambara akiwa mwindaji mgeni. Anaua nguruwe mwitu wanaomaliza mashamba ya watu, anagawa nyama, na wenyeji wanampa vyakula vya shambani. Mwishowe wanampa na nchi yenyewe.

Ila ufalme ulioanza kwa nyama ulidumu kwa maji. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wazee wa Usambara miaka ya 1960, ameandika kuhusu misemo miwili ya Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme aliyeshika nchi sawasawa aliaminika kuleta mvua. Wakuu wakigombania madaraka, mvua inakosekana na njaa inaingia. Kwa hiyo maji hayakuwa kazi ya fundi bomba. Yalikuwa siasa: nani ana mamlaka, na anayatumia kwa faida ya nani?

Nilikuwa na swali hilo nilipopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara ya kilomita thelathini na ushee ambayo nusu yake ni kona. Baada ya kupita Soni kuna mahali maji yanatoka ubavuni mwa mlima, kando kabisa ya lami. Mtu amechomeka kipande cha bomba la plastiki kwenye ufa wa mwamba. Chini yake kuna jiwe bapa la kuwekea ndoo. Hakuna kibao, hakuna mita, hakuna mlinzi. Bodaboda wanasimama, wanakinga viganja, wanakunywa, wanaondoka. Maji ni ya baridi mpaka meno yanauma.

Yanatoka wapi? Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga milima hii hupanda juu, ukapoa na kuacha mvua na ukungu. Msitu na udongo wake hushika maji kama sifongo, kisha huyaachia taratibu kupitia nyufa za miamba. Ndiyo maana bomba linatiririka hata wiki ambazo mvua hainyeshi. Ukikata kilichoko juu, unakata na cha chini.

Nilimkuta mama mmoja akijaza madumu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kunywa kwanza, maneno baadaye.”

Nilipokunywa, akanionyesha shamba la shemeji yake juu ya mwamba: mahindi, maharage, migomba michache.

“Wamemwambia asogee mita sitini. Sasa atasogea wapi, akaangukie bondeni?”

Mita sitini si maneno ya mtaani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Lakini piga hesabu: duara la mita 60 kila upande ni karibu ekari 3. Mlimani, ambako familia inalima vipande vipande, ekari 3 zinaweza kuwa shamba lote na urithi wa watoto juu yake. Na barabara yenyewe, tuseme ukweli, iko hatua mbili tu kutoka kwenye bomba.

Mlima huu umeshaisikia lugha hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, si hadithi. Lakini jasho lilikuwa la mkulima, amri ya mtu mwingine, na watu waliogopa kwamba ardhi iliyoguswa na serikali ingechukuliwa na serikali. Wakagoma. Kabla ya uhuru wa 1961 mpango ulikuwa umeshaachwa. Wataalamu waliamini wanaiponya nchi; wengi waliochimba waliona inaharibiwa.

Kisha ikaja ahadi yetu wenyewe. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1991 ulifika na kupita, madumu yakabaki vichwani.

Sisemi chanzo kiachwe kilimwe mpaka mdomoni. Yule mama anajua kuliko mimi nini kitatokea bomba likikauka, maana ni yeye atakayekwenda mbali. Ninachouliza ni nani analipa. Maji ya mabonde haya yanashuka hadi mpunga wa Mombo, yanaingia mto Mkomazi, halafu Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale. Wanaofaidika ni wengi. Anayetakiwa kuondoka ni mmoja, mwenye migomba.

Hapo ndipo ninamrudia Mbegha. Mfuatano wa mambo katika simulizi ile una maana yake: alitoa kwanza, akapewa baadaye. Angeingia mlimani akidai mashamba kabla hajagawa hata paja la nguruwe, sidhani kama kungekuwa na Wakilindi wa kuandikiwa habari. Mwenye shamba juu ya mwamba ule angeanza kupewa miche ya parachichi inayoshika udongo, na fidia ya misimu ya kuisubiri izae, mazungumzo ya mita sitini yangekuwa mengine kabisa.