Kidhibiti Mwendo Kilichotoka Kinuni

Vitabu vingi vya uhandisi humpa James Watt sifa ya kubuni kidhibiti mwendo, ile mipira miwili ya chuma inayozungushwa na injini ya mvuke. Sifa hiyo imepita kiasi. Mwaka 1787 Thomas Mead alikwisha kupata hataza Uingereza ya kifaa cha namna hiyo kwa vinu vya upepo, na mwaka uliofuata Matthew Boulton, mshirika wa Watt, alimwandikia habari za kingine alichokiona Albion Mills, London. Watt hakuomba hataza ya wazo hilo. Alichofanya ni kuiunganisha mipira na vali ya mvuke: injini ikienda mbio, mipira hutanuka na vali hujibana; injini ikipunguza mwendo, mipira hushuka na vali hufunguka. Matokeo yanarudi kusahihisha chanzo chake, na huo ndio mrejesho.

Atasema mtu kwamba mafundi wa vinu walibahatisha tu, sayansi ikaja 1868, James Clerk Maxwell alipochapisha makala yake juu ya vidhibiti hivi. Ni kweli hisabati yake ndiyo iliyoonyesha lini kuyumba kwa mashine hufifia na lini huzidi hadi kuwa hatari. Lakini kuyumba kwenyewe mafundi walikwisha kukuona kwa macho. Hata tofauti aliyoieleza Maxwell, kati ya kidhibiti kinachopunguza kosa la mwendo na kinacholifuta kabisa, ilikuwa tayari imo ndani ya vyuma vilivyokuwa vikifanya kazi.