Bunduki Iliyotambulika kwa Kiraka

Wakusanyaji wa bunduki adimu hupenda isiyoguswa, yenye skrubu zake za kwanza. Nami, mwanafunzi wa historia, niliwaza hivyo hadi nilipokutana na bunduki ya upepo ya Girardoni.

Ilitengenezwa Austria mwishoni mwa karne ya 18, kwa idadi ndogo. Haikutumia baruti. Kitako chake kilikuwa mtungi wa chuma uliojazwa hewa kwa pampu, na ilipiga risasi zaidi ya 20 mfululizo. Kati ya 1803 na 1806, Meriwether Lewis alivuka Amerika Kaskazini na bunduki ya upepo, akiwafyatulia wenyeji kama onyesho. Ardhi yao serikali yake ilikuwa inaitaka.

Ni ipi, kati ya chache zilizobaki? Juni 1805, Lewis aliandika kwamba fundi John Shields ameitengenezea springi mpya. Karibu karne mbili baadaye, bunduki ya mkusanyaji Robert Beeman ilifunguliwa, ikakutwa na springi iliyotengenezwa kwa tupa ya mhunzi. Wataalamu wengi sasa wanaamini ndiyo yenyewe.

Kama mmiliki yeyote angeibadilisha ili bunduki ionekane mpya, ushahidi ungetupwa na vyuma chakavu. Siku hizi nikionyeshwa kitu cha kale, huuliza kwanza kilivunjika wapi.