Waimbaji wa Mshahara: Temeke na Kinondoni katika Tarehe ya Burudani

Mwenye kuandika tarehe ya burudani ya Dar es Salaam aghlabu huanzia Kariakoo, kwenye kumbi na mashabiki, akawasahau Mbagala ya Temeke, na Mabibo na Sinza, zilizokuwa za Kinondoni, ambako wengi wa waimbaji walijenga, wakaugua na kuzikwa.

Nitamtanguliza Bi Shakila Saidi, kwani wanaoijua sauti yake ni wengi kuliko wanaoijua sira yake. Mzaliwa huyu wa Pangani aling'ara Tanga, kwanza katika Black Star Musical Club, kisha Lucky Star, vyama vilivyothubutu kutia gitaa la umeme na mwendo wa dansi katika taarabu iliyozoea fidla, udi na kanuni, hata mtindo huo ukaenea mwambao mzima. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akaajiriwa na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kambi yake ya Mgulani, Temeke, ilikuwa na bendi ya dansi, Kimulimuli, pamoja na kikundi cha taarabu. Asistaajabu msomaji kusikia jeshi likilea taarabu: zama hizo jumuiya ya wafanyakazi NUTA ilikuwa na bendi yake tangu 1964, na vivyo hivyo umoja wa vijana, polisi, magereza na shirika la bima; vyombo vya muziki vilikuwa mali ya mwajiri, na mwimbaji alikuwa mtumishi mfano wa karani.

Wapo wanaouona utumishi huo kuwa dhila kwa msanii. Mimi siafiki, kwa kuwa mshahara wa mwezi, ujapokuwa haba, ulimsitiri mwimbaji, hasa mwanamke, asiwe chini ya rehema ya mwenye baa. Dhuluma ilikuwa kwingine: nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa miaka nenda miaka rudi, na mtunzi asione fungu lake.

Mfano ni Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, aliyeimba NUTA tangu kuundwa kwake na akawa miongoni mwa waasisi wa bendi ya Mlimani Park mwaka 1978. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne ya kuimba, hakuwa na gari, mpaka mwimbaji kijana Diamond Platnumz alipomtunukia moja. Magazeti yaliisifu hisani ile, na ilistahili sifa. Lakini mimi nilitahayari. Aprili ya mwaka uliofuata mzee akafariki.

Mwimbaji mwingine, Remmy Ongala, aliyeingia kutoka Kongo mwaka 1978, alipata bahati ya kurekodi Uingereza, na kituo cha basi cha Sinza kingali kikiitwa Kwa Remmy. Ama Bi Shakila, yeye alifariki Mbagala, Agosti 2016.

Sheria mpya ya hakimiliki, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilipitishwa mwaka 1999, wakati nyimbo zilizowapa watu hawa majina zilikuwa zimekwisha kurekodiwa zamani.