Wino, Karatasi na Programu Huria: Mtunzi na Mamlaka juu ya Kitabu cha Kielektroniki

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa takriban mwaka wa 1858, unaanza kwa mama kumwita bintiye akaribie na kuleta wino na karatasi. Kaida hii ya kutaja vifaa vya kuandikia inapatikana katika tenzi nyingine za kale, na si pambo tupu. Mtunzi alijua kwamba utungo hautengani na kifaa, wala na mkono unaokishika. Uhakiki wetu, hata hivyo, umezoea kuanza pale kitabu kinapokuwa kimekwisha kuchapwa, kana kwamba njia iliyokifikisha kwa msomaji haina uzito wowote. Makala haya yanafuatilia historia ya vifaa huria vya kuundia vitabu vya kielektroniki. Yanadai kwamba historia hiyo ni ya waandishi kurejesha mamlaka juu ya matini zao. Mamlaka hayo yamepatikana katika uundaji wa kitabu, lakini yangali yanashindaniwa sokoni.

Kitabu cha kielektroniki hakikuanza kama bidhaa. Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois, alipiga chapa Azimio la Uhuru wa Marekani katika tarakilishi ya chuo ili wengine waweze kulisoma. Mradi wa Gutenberg ulichipuka hapo. Miaka sita baadaye, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aliona prufu za toleo jipya la juzuu mojawapo ya kitabu chake. Mchapishaji alikuwa ameacha herufi za risasi na kuingia katika upangaji wa picha, na kurasa hizo hazikumridhisha mwandishi. Badala ya kunung'unika, Knuth alibuni TeX, programu ya kupanga kurasa, akaiacha itumiwe na kila mtu. Hart alishughulikia usambazaji. Knuth alishughulikia sura ya ukurasa. Wote wawili walitwaa kazi ambazo kwa karne nyingi zilikuwa za mwenye matbaa.

Aliyeipa harakati hii nadharia ni Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa; sisi tuna *bure* na *huru*, na hakuna anayeyachanganya. Programu huria ni ile ambayo mtumiaji ana haki ya kuitumia kwa lengo lolote, kuchunguza msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Haikatazi biashara. Stallman mwenyewe, mnamo 1985, aliuza kanda zenye programu yake ya kuhariria matini, Emacs, kwa dola 150. Kwa hivyo anayedhani kwamba kitabu kilichoundwa kwa vifaa huria sharti kitolewe bure anachanganya chombo na zao lake. Jembe la kuazima halimfanyi mwenye jembe kuwa mwenye mavuno.

Vifaa vyenyewe vilikamilika hatua kwa hatua. Kovid Goyal alianza programu iliyokuja kuitwa Calibre mwaka 2006. Umbizo la EPUB liliidhinishwa mwaka 2007. Kihariri cha Sigil kilitokea mwaka 2009. Na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010. Mtunzi huandika mswada katika LibreOffice, akitenga vichwa vya sura kwa mitindo maalumu badala ya kuvikoza tu kwa wino mzito. Mitindo hiyo ndiyo huzaa yaliyomo ya kitabu. Kisha hukagua faili katika Sigil, na kwa Calibre huigeuza kuwa katika maumbizo mengine. EPUB ni kifurushi cha kurasa zilizoandikwa kwa lugha ileile ya mtandao, na yeyote anaweza kukifungua na kuona kilivyosukwa. Kwetu, historia hii ina ukurasa wake: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuleta OpenOffice kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Mwaka huohuo, Jonathan Kew alitoa XeTeX, ambayo huweza kupanga hati za Kiarabu na za Kilatini katika ukurasa mmoja. Mhariri wa tenzi anaweza sasa kuonyesha mswada na unukuzi wake sambamba.

Hata hivyo, kuunda si kuuza. Mwaka 2007 ulileta pamoja mambo matatu: M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi, EPUB ikaidhinishwa Septemba, na Amazon ikatoa Kindle Novemba. Njia ya kulipa, umbo la kitabu na duka vilikutana, lakini havikuwa chini ya mkono mmoja. Julai 2009, Amazon ilifuta kutoka kwa vifaa vya wasomaji nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Wasomaji walirejeshewa pesa na kampuni ikaomba radhi. Tukio hilo lilifunua kwamba nakala iliyonunuliwa yaweza kubaki mikononi mwa duka. Kwa hiyo mtunzi anayeuza faili ya EPUB isiyo na kufuli anahiari pia hatari ya kunakiliwa, ili msomaji wake amiliki kweli alichokinunua.

Uhuru huu una gharama nyingine. Mwenye matbaa alikuwa mlinda lango, lakini pia aliajiri mhariri na msoma prufu. Lango likiondolewa, kazi hizo hazitoweki. Humwangukia mtunzi, au huachwa. Idara za fasihi zina wajibu hapa. Mwanafunzi wa uzamili anayeweza kulinganisha miswada, kueleza uamuzi wake wa kiuhariri na kuunda toleo linalosomeka ameandaliwa vyema zaidi kuliko anayengoja kitabu kimfikie. Uhakiki usiojua jinsi matini zinavyoundwa na kuuzwa leo utajikuta ukijadili matoleo ambayo wengine wamekwisha kuyaamulia sura, bei na maisha.