Mabomba ya Udongo na Kinamasi cha Ohio: Faida Ilibaki Shambani, Gharama Ikateremka Ziwani

Kazi ya kufukia mabomba ardhini ili kuondoa maji yanayotuama katika udongo ni miongoni mwa kazi zilizobadilisha sana kilimo cha Marekani, ingawa si rahisi kuiona, kwa kuwa bomba likishafukiwa mazao huota juu yake na msafiri apitaye barabarani huona tambarare ya mahindi na soya tu. Sensa ya kilimo ya mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya ekari milioni 55 zinazotolewa maji kwa njia hiyo, nyingi zikiwa katika majimbo ya Iowa, Illinois, Indiana, Ohio na Minnesota. Historia ya mabomba hayo, hasa kaskazini magharibi mwa Ohio, inaonyesha kwamba hesabu ya gharama na faida inayoishia kwenye mpaka wa shamba haiwezi kuwa kamili, kwa sababu maji yanayoondolewa shambani hayapotei, bali hufuata mkondo hadi mahali ambapo wapo watu wanaoyanywa.

Msingi wa kazi yenyewe ni rahisi kuueleza. Udongo wa mfinyanzi ulio kwenye tambarare hushikilia maji ya mvua na ya theluji iliyoyeyuka, na nafasi ndogo zilizo kati ya chembe zake zikijaa maji, hewa hukosekana, mizizi ikadumaa na mbegu zikaoza kabla ya kuota. Mabomba hufukiwa katika kina cha takriban mita moja, kwa mistari inayokwenda sambamba na yenye mteremko mdogo, yakielekea kwenye bomba kuu linalomwaga maji katika mtaro wa wazi. Zamani yalikuwa vipande vya udongo wa kuchoma, viitwavyo vigae, vyenye urefu wa takriban sentimita 30, vilivyopangwa kimoja baada ya kingine bila kuunganishwa kwa saruji, na maji yaliingia kupitia upenyo mwembamba uliobaki kati ya kipande na kipande. Maji yanayotoka ni yale tu yanayovutwa na uzito wake yenyewe, ilhali unyevu unaoshikwa na chembe za udongo hubaki kwa ajili ya mimea.

Utaalamu huo ulikomaa Uingereza na Scotland. Mwaka 1826 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru kwa vigae vya kutolea maji mashambani, kwa sharti kwamba kila kigae kipigwe chapa inayoonyesha kazi yake. Mwaka 1831 James Smith wa Deanston, Scotland, alichapisha maelezo ya mfumo wake wa mitaro iliyofunikwa, inayopangwa sambamba katika shamba zima badala ya kufuata chemchemi moja moja. Mwaka 1846, Bunge lilipofuta sheria zilizolinda bei ya nafaka ya ndani, liliwafungulia wenye ardhi mkopo wa pauni milioni 2 wa kugharimia kazi hiyo, uliopaswa kulipwa kwa miaka 22. Hivyo, tangu mapema, utoaji wa maji mashambani ulikuwa jambo ambalo dola ililibeba pamoja na mkulima, kwa imani kwamba shamba kavu ni faida ya taifa zima.

Aliyevusha utaalamu huo hadi Marekani ni John Johnston, mhamiaji kutoka Scotland aliyelima karibu na Geneva, katika jimbo la New York. Mwaka 1835 aliagiza mifano ya vigae kutoka kwao, akamtafuta mfinyanzi katika mji jirani wa Waterloo wa kuvitengeneza kwa mkono, na mwaka 1838 akaanza kuvifukia, huku majirani wakimwona kuwa mtu aliyerukwa na akili kwa kuzika vyombo vya udongo ardhini. Kufikia mwaka 1851 alikuwa amelaza maili 16 za vigae katika shamba lake la ekari 320, na inasimuliwa kwamba mavuno yake ya ngano yalipanda kutoka busheli 12 kwa ekari hadi 60, busheli moja ya ngano ikiwa na uzito wa takriban kilo 27. Kikwazo kikubwa kilikuwa bei ya vigae vilivyofinyangwa kimoja kimoja. Mwaka 1848 mashine ya kutengenezea vigae ilipoagizwa kutoka Uingereza na kuletwa eneo hilo, bei ilishuka na wakulima wengine wakaanza kumfuata.

Mahali ambapo mabomba hayo yaligeuza sura ya nchi ni Kinamasi Kikuu Cheusi, eneo la takriban ekari milioni moja kusini magharibi mwa Ziwa Erie. Kilikuwa sakafu ya ziwa la kale lililoachwa na barafu, tambarare kiasi kwamba maji hayakuwa na pa kwenda, na kilifunikwa na msitu mzito uliosimama katika tope jeusi. Walowezi waliokizunguka waliugua homa ya vipindi, ambayo leo inafahamika kuwa malaria, na sehemu nyingine za Ohio zilikuwa zimekwisha kujaa mashamba wakati humo bado hamna njia ya uhakika. Mabadiliko yaliletwa na sheria ya jimbo ya mwaka 1859, iliyozipa kaunti mamlaka ya kuchimba mitaro ya pamoja na kuwatoza gharama wenye ardhi watakaonufaika nayo. Mitaro ilipopatikana, mabomba ya mashambani yakawa na pa kumwagia maji yake, na viwanda vya vigae vikaenea vikitumia mfinyanzi wa kinamasi kile kile kilichokuwa kikikaushwa. Kazi ya jembe la mkono ikapungua baada ya James B. Hill wa Bowling Green, Ohio, kupata hataza ya mashine ya mvuke ya kuchimba mitaro mwaka 1894. Malaria ikatoweka, reli na miji ikafuata, na ardhi iliyokimbiwa ikawa miongoni mwa ardhi zenye rutuba kubwa kabisa nchini.

Faida hizo ni za kweli hadi leo. Udongo uliotolewa maji hupata joto mapema katika majira ya kuchipua, hubeba trekta bila kugandamizwa, na huruhusu mkulima kupanda kwa wakati. Tangu miaka ya 1960 mabomba ya plastiki yenye vitundu yamechukua nafasi ya yale ya udongo, na mashine zinazoongozwa na miale ya leza huyalaza kwa mteremko sahihi. Gharama yake sasa hukaribia dola 1,000 kwa ekari, kiasi ambacho mkulima hukirudisha kwa mavuno ya miaka kadhaa, na mabomba yaliyolazwa vizuri huweza kudumu kwa miongo mingi.

Hata hivyo, Ohio imepoteza takriban asilimia 90 ya ardhi oevu iliyokuwa nayo karne ya 18, na pamoja nayo imepoteza chujio la asili lililopunguza kasi ya maji na kunyonya virutubisho kabla havijafika ziwani. Fosforasi ya mbolea na samadi hupenya kwenye nyufa za udongo na mashimo ya minyoo hadi ndani ya mabomba, kisha huteremka kwa Mto Maumee hadi Ziwa Erie, ambako hulisha bakteria wa kijani wanaotanda juu ya maji na kutoa sumu iitwayo mikrosistini. Mwezi Agosti mwaka 2014 sumu hiyo iliingia katika mfumo wa maji wa Toledo, jiji lililo kwenye mdomo wa mto huo, na watu wapatao nusu milioni wakakatazwa kunywa maji ya bomba kwa karibu siku tatu. Hata kuyachemsha hakukusaidia, kwani sumu hiyo haiharibiki kwa kuchemshwa.

Dawa zipo, na hazihitaji kung'oa mabomba. Kisanduku chenye vizuizi vya kupandishwa na kushushwa, kikiwekwa kwenye mdomo wa bomba, huzuia maji shambani wakati mazao hayapo. Handaki lililojazwa vipande vya mbao hulisha bakteria wanaogeuza naitreti, kirutubisho kingine cha mbolea, kuwa gesi. Na vinamasi vidogo vilivyorudishwa kati ya shamba na mto hunasa virutubisho. Mpango wa H2Ohio, ulioanzishwa na jimbo mwaka 2019, hulipia sehemu ya hatua za namna hii. Ugumu uliopo ni kwamba hatua nyingi kati ya hizo hazimwongezei mkulima mavuno, kwa hiyo haitoshi kumwachia yeye peke yake uamuzi na mzigo wake. Sheria ya 1859 ilisimama juu ya kanuni kwamba anayenufaika na mtaro achangie gharama yake, lakini iliwahesabu wenye mashamba pekee na kuwasahau waishio mwisho wa mkondo. Haki inadai kanuni hiyo ifuate maji hadi ziwani, ili mkulima, walaji wa nafaka yake na serikali iliyohimiza ukaushaji walipe pamoja gharama ambayo hadi sasa imewaangukia wanaochota maji Toledo.