Chupa ya Lita Isiyo Lita

Wadau, Jumamosi moja nilimsindikiza mjomba Gerezani, pale Kariakoo, kununua oili ya gari. Injini yake inakula lita 4. Muuzaji akampa chupa nne. "Lita lita hizo, mzee." Mjomba akalipa. Fundi alipomaliza kumimina akavuta kijiti, oili haijafika alama ya juu. Mjomba akaanza kumwangalia fundi wa watu kwa jicho la kumshuku wizi.

Nikaokota chupa tupu. Imeandikwa FL OZ 32, na pembeni, kwa maandishi ya sisimizi, mL 946.

Kumbe ile ni kwoti ya Marekani, yaani robo ya galoni yao. Chupa nne ni mililita 3,784, pungufu ya lita 4 kwa mililita 216. Utasema ni kidogo. Haya, katoni ya chupa 12 inapunja mililita 648, na bei umelipa ya lita 12!

Jumatatu nikiwa kazini Posta nikachimba zaidi. Galoni ya Marekani ni ile ya mvinyo ya enzi za Malkia Anne, iliyowekwa kisheria Uingereza mwaka 1707: inchi za ujazo 231. Wamarekani walijitenga, wakabaki nayo. Waingereza wenyewe waliitupa mwaka 1824, wakaja na galoni ya ratili 10 za maji, yenye aunsi 160. Ndiyo maana kwoti ya Mwingereza ina aunsi 40 (mililita 1,137 hivi) na ya Mmarekani aunsi 32. Na aunsi zenyewe hazilingani: ya Mwingereza ni mililita 28.4, ya Mmarekani 29.6. Ukitaka kuumwa kichwa, hesabu hii inatosha.

Tanganyika ilitawaliwa na Mwingereza, ikarithi galoni yake. Debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni 4, kama lita 18. Lakini habari ya robo hatukufundishwa na mkoloni. Kibaba ni robo ya pishi, na mpaka leo Waislamu wengi wa pwani wanahesabu zaka ya fitri kwa pishi.

Sokoni nyanya zinapimwa kwa sado, kopo la rangi la lita 4 lililobaki na jina la Sadolin. Sado likibonyezwa kitako unaliona, unagomba na mama muuzaji palepale, anakuongezea nyanya mbili. Kwenye chupa ya oili utagomba na nani?

Mjomba alirudi dukani. "Mzee, si imeandikwa hapo?" Miwani yake ilikuwa nyumbani. Akanunua chupa ya tano, akapita kwa fundi, akamwagizia chai na chapati mbili bila kusema kwa nini.